Yale Tusiyomwambia Mpinzani

Ada yangu ya sekondari ililipwa na muguka. Natanguliza hilo ili ujue nimeketi wapi kabla hujanisikiliza. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea, ana shamba dogo ng'ambo ya Kiritiri kule Mbeere, upande wa chini wa kaunti ya Embu. Watu wakisikia Embu hufikiria majani chai, kahawa na ukungu wa Mlima Kenya. Hiyo ni Manyatta na Runyenjes. Kwetu ni chini, ni joto, mvua huja ikipenda, na mahindi yanaweza kukauka yakiwa kimo cha goti. Mjomba alilima pamba, pamba ikakosa soko. Akalima ndengu, na bado hulima, ila ndengu haziwezi kumlipa kila mwezi na karani wa shule hangoji mavuno. Muguka ukishashika mizizi huvumilia kiangazi. Unachuma, unauacha uchipue, unachuma tena. Kila niliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo nilijua mjomba ataangalia wapi kwanza.

Mwenzangu tuliyekodi naye chumba Nairobi ni mtoto wa Likoni. Mdogo wake alianza kutafuna muguka akiwa kidato cha pili. Ilikuwa wikendi tu, maskani na marafiki, njugu na soda pembeni. Ikaja ikawa kila siku. Halali, amekonda, shule aliiacha, na kuna vipindi anaongea na watu ambao hawapo. Mama yao amemzungusha hospitali na amemzungusha kwa masheikh. Hayo yote niliyajua, na yeye alijua ada yangu ilitoka wapi. Tuliishi miaka mitatu tukilikwepa jambo hilo kama wakwe wanavyokwepa kutaja mahari iliyobaki.

Kisha ikaja Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake: usiingizwe, usiuzwe, usitumiwe. Kilifi wakafuata, Taita Taveta nao wakafuata. Embu ikawaka moto. Gavana Cecily Mbarire na viongozi wenzake walifika mpaka kwa Rais, na tarehe 27 Mei William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 pamoja na kanuni za miraa za 2023. Siku iliyofuata Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku yenyewe kesi ikisubiri kusikizwa. Ilichukua siku chache tu. Nilishangilia nikiwa juu ya kitanda changu Nairobi, na mwenzangu alikuwa kwenye kitanda chake, mita mbili kutoka kwangu, akiangalia ukuta.

Nikikumbuka kelele za wiki ile, naona kwamba pande hizi mbili hazikuwa hata zikibishana. Ubishi unahitaji swali moja, na hapa kulikuwa na mawili. Embu waliuliza: ni nani amempa gavana mmoja ruhusa ya kukataza zao halali la kaunti nyingine? Pwani wakauliza: watoto wetu wanapotea, nani atasimama? Kila upande ulilijibu swali lake kwa ufasaha, kisha ukashangaa mbona wale wengine hawaelewi. Hata sheria yenyewe ina milango miwili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Sheria ya Mazao nayo inasema hili ni zao la mkulima. Ukiingilia mlango wa kwanza unakuta muguka ni dawa. Ukiingilia wa pili unakuta ni mmea unaohitaji soko na barabara nzuri. Korti ilijibu swali letu sisi wa Embu. Swali la mwenzangu lilibaki pale pale ukutani.

Tuligombana siku tatu baadaye, na hatukugombania chumbani. Tuligombania kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma nao chuo, wasee kama sitini hivi. Mtu alikuwa ameweka video ya vijana wakitafuna kando ya barabara huko Mombasa. Wa Pwani wakaanza kulia, wa Embu wakaanza kuhesabu karo. Mwenzangu akaandika aya ndefu kuhusu mdogo wake. Nakiri ilikuwa nzuri. Hakumtukana mtu, hakusema Wambeere ni wauaji, alieleza tu nyumba yao ilivyogeuka.

Hapa ndipo sipendi kufika. Kama mwaka mmoja kabla ya hapo, usiku ambao stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, aliniambia jambo gizani. Kwamba kabla ya muguka, mdogo wake alikuwa akimeza vidonge alivyouziwa na vijana wakubwa. Kwamba baba yao alikuwa ametoka kufariki, nyumba nzima imechanganyikiwa, na miezi ilipita bila mtu kumtazama huyo mtoto. "Wakati mwingine," akasema, "nafikiri tunaulaumu muguka kwa sababu ndio unaoonekana." Sikumjibu. Tukalala.

Kwenye kundi nikaandika: Mbona huwaambii pia habari ya vidonge?

Maneno sita. Watu wa kwetu waliweka vidole gumba na vicheko. Wa Pwani wakanyamaza. Mwenzangu akatoka kwenye kundi bila neno, na mwisho wa mwezi akahamia kwa binamu yake.

Kilichonichoma baadaye ni kwamba nilikuwa nimefuata kila ushauri mzuri unaotolewa kuhusu kuzungumza na mtu mnayetofautiana. Sikiliza kwanza. Usimkatize. Jiweke katika nafasi yake. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, alishauri kwamba hoja za mpinzani tuzisikie kutoka kwa watu wanaoziamini kwa dhati, tusiridhike na zile zinazosimuliwa na walimu wa upande wetu. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Ningeweza kuitetea marufuku ya Mombasa vizuri kuliko wanasiasa wengi walioitetea. Ningekueleza jinsi muguka ulivyo rahisi bei kuliko miraa, jinsi unavyouzwa vibandani karibu na makazi ya watu, jinsi kathinoni iliyomo inavyomnyima mtu usingizi na njaa. (Hiyo kathinoni hupungua nguvu jani likinyauka, ndiyo maana magari ya kubebea hukimbia usiku kama yanayofukuzwa.) Nilimwelewa kabisa mwenzangu. Na kwa sababu nilimwelewa, nilijua kisu kinaingia wapi.

Kwa hiyo nimeacha kuamini kwamba kuelewana kunatosha. Wakili wa upande wa pili anakuelewa sana. Mke na mume wanaotengana wanaelewana mno, na ndio wanaojua kuumizana kuliko maadui wa kawaida. Kuna kitu kingine kinachohitajika, na nadhani kilikuwepo usiku ule wa giza na kikakosekana kwenye kundi. Usiku ule mwenzangu alinionyesha mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na uhakika.

Nami nilikuwa na mahali pangu. Darasa la sita tulikuwa na wavulana waliopotea shuleni mmoja mmoja. Hawakuhama. Walikuwa mashambani wakichuma muguka kwa malipo ya siku, na wengine nilipokutana nao miaka miwili baadaye walikuwa na macho ya wazee. Sijawahi kuliandika hilo popote kabla ya leo. Nilikuwa tayari kuzungumzia karo, kiangazi, pamba iliyokosa soko, haki za mkulima. Wale wavulana niliwaweka ndani na kufunga mlango, kwa sababu ningewataja, mtu wa Mombasa angewachukua na kwenda nao redioni.

Nadhani hivi ndivyo ilivyo kwa karibu kila ugomvi mkubwa tulio nao. Wale wenye msimamo mkali wengi wao wana shaka, na shaka hiyo wanaijua vizuri kuliko mpinzani anavyoijua, kwa sababu wanaishi nayo. Mkulima ndiye anayejua nani ameacha shule. Mama wa Likoni ndiye anayejua mwanawe alianza na nini. Lakini shaka zetu tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, au tunazimeza, na kwa mpinzani tunapeleka uso usio na mkunjo. Yeye naye anatuletea uso kama huo. Basi tunaangaliana. Mtu asiyeonyesha shaka yoyote juu ya jambo lenye maumivu kiasi hicho, utamfikiriaje? Utamwona hana akili au hana huruma. Na yeye anakuona hivyo hivyo.

Jirani zetu wa Meru walipitia haya kabla yetu, kwa miraa. Ukipanda Maua na Laare, ndani ya milima ya Nyambene, watu bado wanaihesabu tarehe 24 Juni 2014, siku Uingereza ilipoipiga marufuku miraa. Hadithi inayosimuliwa ni fupi: Mzungu alitufungia soko. Kuna kipande kinachoachwa. Baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza, Januari 2013, kwamba miraa isipigwe marufuku. Na miongoni mwa waliopaza sauti zaidi wakitaka ipigwe marufuku walikuwa Wasomali wa huko huko Uingereza. Mmoja wao, Abukar Awale, alikuwa mtumiaji aliyeacha na kuanza kampeni. Walikuwepo akina mama waliosema waume wao wanakesha kwenye nyumba za kutafunia wakati watoto hawana wa kuwasaidia kazi za shule. Walikuwepo pia Wasomali waliopinga, waliosema hii ni starehe ya kawaida ya watu wazima na kuikataza kutawafanya vijana wao wasumbuliwe na polisi zaidi.

Sasa fikiria mkulima wa Igembe na mama Msomali wa London. Wote ni watu wa ukanda huu mmoja. Huenda wangesikizana hata kwa Kiswahili cha kuombea maji. Lakini kila mmoja alizungumza na serikali ya Uingereza, hakuna aliyezungumza na mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa pia 2024: Kiritiri ilizungumza na Ikulu na korti, Likoni ikazungumza na gavana wake. Ukizungumza na mwenye mamlaka huwezi kuonyesha shaka. Unaenda kwake kama unavyoenda kwenye mahojiano ya kazi, umepiga shati pasi, na madeni yako umeyaacha nyumbani.

Meru ina tukio jingine, la zamani zaidi, ambalo linanisumbua kuliko hili la miraa, kwa sababu humo upande ninaoukubali ndio uliokuwa na nguvu. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru nzima. Uamuzi ulipitishwa kwa kauli moja. Makao ya Njuri yako Nchiru, sehemu hiyo hiyo ambapo leo kuna chuo kikuu kilichojaa vijana wa rika lenu. Wasichana waliposikia, wengi walinunua nyembe wakaenda porini na kukeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe." Mwanahistoria Lynn Thomas, ambaye baadaye aliwahoji wanawake wa Meru kuhusu miaka hiyo, anaandika kwamba katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kukaidi amri hiyo.

Nieleweke. Ukeketaji ni mbaya, ulikuwa mbaya 1956, na sheria ya 2011 inayoukataza naiunga mkono neno kwa neno. Wazee walipitisha jambo sahihi. Ila naiangalia ile "kauli moja" na siiamini. Wazee wote wale, kila mmoja ana mke, ana mama, ana binti ambaye anaambiwa na shangazi zake kwamba bila kisu hataitwa mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wasiwasi? Mkoloni yuko pembeni, misheni iko pembeni, vita viko msituni. Pengine hapakuwa mahali pa kuonyesha wasiwasi. Na kwa kuwa wazee hawakuonyesha wasiwasi wowote, msichana wa miaka kumi na minne hakupata mlango wa kuingilia na wake. Angeuliza nini, kwa nani? Kwenye kikao hakuwepo, wala mama yake hakuwepo.

Utaniuliza, kwa hivyo wangengoja mpaka kila mtu akubali ndipo wakataze? Hapana. Kuna mambo hayangoji, hasa yanapohusu mwili wa mtoto. Ninachosema ni kwamba amri ilipotoka, mazungumzo yalikuwa hayajaanza hata kidogo, na waliotoa amri walidhani yamekwisha.

Nirudi kwa mjomba. Desemba 2024 nilikwenda nyumbani kwa Krismasi. Jioni moja nikamweleza nilichomfanyia mwenzangu, nikitarajia aniambie yalishapita. Alikaa kimya muda mrefu akichokonoa udongo kwa kijiti.

"Huyo kijana, mama yake yuko?"

"Yuko."

"Nipigie yeye."

Nikamwambia siwezi kumpigia mama wa watu hivi hivi. Nikamwandikia mwenzangu kwanza. Ilimchukua siku mbili kujibu. Akatuma namba ya mama yake na sentensi moja: sawa, lakini mimi sitakuwepo. Tukapiga tukiwa chini ya mwembe, simu juu ya stuli, spika imewashwa, maana mjomba husikia vizuri kwa sikio moja tu.

"Habari yako, mama. Mimi ni mjomba wa ule kijana alikuwa anakaa na wako Nairobi. Mimi ni mkulima wa muguka."

Kimya. Kisha: "Nzuri, baba. Nakusikia."

Nilingoja aanze na karo. Mimi ningeanza na karo. Akauliza, "Huyo mdogo ako na miaka ngapi sasa?"

"Ishirini na moja."

"Analala?"

"Halali, baba. Akipata usingizi ni mchana."

Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari anazozijua. "Na mimi niko na mmoja," akasema.

Sikuwa najua. Binamu yangu huyo wa mwisho niliambiwa aliacha shule kwa sababu hapendi masomo. Mjomba akasema, akiiangalia simu: "Aliacha shule akuje kuchuma. Mimi nikaona ni sawa, ni mkono wa kazi. Halafu akaanza kula ile anachuma. Sijaambia mtu huku. Nikisema, watanionea nimewauza."

Hapo mwili ulinisisimka. Nilijua mimi ningefanya nini nikiwa mama yule. Ningesema: si nyinyi wenyewe mnaona! Ningechukua maneno hayo na kukimbia nayo. Kwa sekunde kadhaa tulisikia pumzi zake tu na mtoto akilia mbali.

"Pole, baba," akasema. "Mficha uchi hazai. Na mimi nikwambie." Akasema dada yake wa tumbo moja ana kibanda cha muguka, na kwamba kila Idd familia nzima hula kwa dada huyo. "Ile nyama ya pilau yanunuliwa na nini? Na mimi nala, wallahi. Nala na wanangu wote, hata huyu mgonjwa."

Walizungumza karibu dakika arobaini. Kiswahili chao kilikuwa kinapishana njiani, cha mjomba kimenyooka kama jembe, cha mama yule kina mawimbi, na mara mbili ilibidi niingilie kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Hawakukubaliana. Mama alisema, "Mimi bado nasema wangeufunga, baba, sikufichi." Mjomba akasema, "Na mimi bado nauliza tutakula nini, mama. Sikufichi." Lakini katikati ya hayo waliulizana mambo ambayo sikuyasikia mwezi wa Mei kutoka kwa mtu yeyote mwenye maikrofoni. Mama aliuliza dawa gani hupuliziwa yale majani, na huchumwa siku ngapi baada ya kupuliziwa. Mjomba angeweza kusema anafuata maagizo ya kibandiko. Akasema, "Mnunuzi akija na pesa, sihesabu siku." Yeye akauliza wauzaji wa huko huwauzia watoto wenye sare za shule, au huwafukuza. Mama akasema inategemea siku imekuwaje, hata kwa dada yake.

Nimefikiri sana kwa nini mazungumzo yale yaliwezekana. Adabu ilisaidia, ila hata mimi nilikuwa na adabu mpaka sekunde ya mwisho. Nadhani kilichofanya kazi ni nani alitangulia. Embu tulikuwa tumeshinda Mei. Rais alikuwa upande wetu, korti ilikuwa upande wetu. Mjomba aliingia kwenye ile simu akiwa mshindi, na ndiye aliyeanza kutaja aibu yake. Angemngoja mama yule aanze, ingekuwa ni kumhoji. Nimeona watu wengi wakisema wanataka mazungumzo ya ukweli, wakimaanisha yule mnyonge afunguke kwanza, wao wasikilize kwa huruma. Mwenzangu alinifungukia gizani akiwa ndiye aliyepoteza ndugu. Mimi sikumpa chochote. Nilikuwa nimeketi na akiba ya maneno yake, na yeye hakuwa na yangu hata moja.

Na hapakuwa na hadhira. Mimi tu na kuku. Siwezi kumshauri mtu akaonyeshe shaka zake kwenye mkutano wa hadhara, au mbele ya mtu ambaye riziki yake ni ugomvi wenyewe. Kuna wapinzani ambao ukiwapa neno moja la ukweli watalichapisha kwenye bango. 2027 iko njiani, na kwa wanasiasa wa aina hiyo muguka ni zao pia. Wanauchuma bila kuulima. Watu hao wapewe hoja, takwimu na wakili. Nazungumzia yule mwingine, ambaye mtakutana naye tena hata mkitaka msitake: mnayelala naye chumba kimoja, mkwe, shangazi wa kanisa lile lingine, jirani aliyempigia kura yule usiyeweza kutaja jina lake mezani.

Kuandika haya kumenitia wasiwasi, kwa sababu sasa nimewaweka wote wawili mbele ya hadhira. Niliwauliza. Mjomba alisema niandike lakini nisiweke jina. Mama alicheka. "Andika mwanangu, na ile pilau uitie."

Mwenzangu nilikutana naye Februari, tukanywa chai kwa kibanda karibu na kazini kwake. Nikamwomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya matatu. Nikaongeza kwamba nilichoandika hakikuwa uongo, angalau. Akakoroga chai yake.

"Kilikuwa kweli," akasema. "Ndiyo maana."

Hajarudi kwenye lile kundi, na chumba nimekodi peke yangu. Mama yake lakini hupiga simu Mbeere. Hanipigii mimi, humpigia mjomba. Wanaulizana vijana wamelala vipi. Wakifika kwenye marufuku wanatofautiana tena, na hapo sauti ya mjomba hupanda, kwa hiyo akiona namba yake huchukua stuli akaenda kuzungumzia kule kwenye mwembe, maana saa nane mchana binamu yangu ndiyo kwanza amepata usingizi.